Siku ya Kukaa Chini

Agosti 1903, mjini Basel huko Uswisi, wanaume wazima wenye suti zao walitoka ukumbini, wakakaa sakafuni wakalia. Kilichowaliza ni kipande cha Afrika Mashariki. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa amepanda reli mpya kutoka Mombasa Desemba iliyotangulia, akapendezwa na hali ya hewa ya bara. Baadaye serikali yake ikamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni iliyowatafutia Wayahudi nchi yao, kwamba Wayahudi wanaokimbia mauaji ya Urusi wangeweza kupewa ardhi huko. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, Kenya, pale Eldoret ilipo leo. (Wanandi na Wamasai hakuna aliyewauliza. Hilo lina makala yake.) Kura ilipopigwa mkutanoni, wajumbe 295 walitaka tume iende ikakague, 178 wakakataa.

Waliokataa wengi walitoka Urusi, wakiwemo wajumbe wa Kishinev, mji ambao Aprili ya mwaka huohuo Wayahudi 49 waliuawa. Yaani waliotafutiwa pa kukimbilia ndio waliokaa chini kulia kwa sababu pamepatikana. Kwao, kupokea mahali pengine popote kulikuwa sawa na kuizika Yerusalemu. Ikabidi Herzl mwenyewe aende kuwabembeleza warudi. Tume ilikuja kweli, ikashukia Mombasa mapema 1905, ikapanda hadi uwandani, na mkutano wa mwaka huo ukaikataa ardhi.

Kila nikisimulia kisa hiki watu huniuliza habari za Eldoret. Mimi hunivuta ile sakafu. Myahudi hakuhitaji kuelezwa mkao ule ni wa nini, maana wiki tatu tu nyuma yake ilikuwa imepita Tisha B'Av, siku ya tisa ya mwezi wa Av katika kalenda yao, ambayo Wayahudi hufunga na kukaa chini kuombolezea Hekalu la Yerusalemu. Hekalu la kwanza lilichomwa na jeshi la Nebukadreza wa Babeli mwaka 586 kabla ya Kristo. La pili lilichomwa na Warumi chini ya Tito mwaka 70. Siku yenyewe huangukia Julai au Agosti kwa kalenda yetu. Mwaka 2026 ni tarehe 23 Julai, ikianza jua linapozama tarehe 22.

Msomaji Mwislamu asiichanganye na Ashura. Hadithi zinasema Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wamefunga kwa sababu ya kuokolewa Musa, na hiyo ilikuwa saumu ya shukrani. Wala si Yom Kippur, ambayo ni ya toba na huvaliwa nguo nyeupe. Zote mbili, Yom Kippur na hii, hufungwa usiku na mchana, saa ishirini na tano hivi bila tone la maji. Ila siku ya toba mtu anatoka akiwa mwepesi, na hii ni ya msiba mtupu.

Mimi niliifahamu kwa njia ya kazi. Nilikuwa Marekani nikitunza wazee, na mmoja wao alikuwa bibi wa Kiyahudi, mjane, mshika dini hasa. Wiki nzima kabla ya siku hiyo nyama haikuingia jikoni kwake, wala divai. Jioni ilipofika alikula chakula cha kawaida mapema. Jua lilipokaribia kuzama akavuta kigoda kifupi karibu na mlango wa jikoni, akamenya yai la kuchemsha, akalichovya kwenye kisahani cha majivu, majivu ya karatasi aliyoichoma mwenyewe kwenye sinki. Yai, mkate mkavu, glasi ya maji. Alikula peke yake na alitaka iwe hivyo, kwa sababu mlo ule hauliwi kwa shirika. Kisha akavua viatu vya ngozi akavaa yeboyebo, zile za plastiki zenye matundu. Sheria yao inamwondolea mgonjwa saumu hii. Yeye alikuwa na miaka themanini na kitu lakini si mgonjwa, na alinitamkia hilo kabla sijafungua mdomo.

Asubuhi yake niliingia na salamu zangu zote. Akaitikia kwa midomo tu, bila kuniangalia. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu unaweza kuninyima chakula nikakusamehe, salamu ni kesi nyingine. Nilipanga mito, nikafungua pazia, moyoni nikijiuliza nimekosa nini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba siku hiyo hawasalimiani kabisa, kama ilivyo katika nyumba zao zenye kifo kibichi. Na sheria imemfikiria mtu kama mimi: asiyejua akikusalimu, umjibu kwa sauti ya chini na kichwa kizito, asije akaumia. Alikuwa ameifuata neno kwa neno.

Hapo mambo yakanikalia sawa. Kwetu mtu akifiwa viti vinatolewa, mkeka unatandikwa, na mfiwa hakai kwenye kochi hata kama nyumba ina makochi kumi. Kuoga kwa raha, kujipaka manukato, mambo ya unyumba, vyote vinakaa pembeni. Na wao ni hivyohivyo siku hiyo, pamoja na viatu vya ngozi. Sinagogi inapunguzwa taa, pazia la sanduku la Torati linaondolewa, watu wanakaa sakafuni au kwenye vigoda hadi adhuhuri. Tofauti ni kwamba sisi matanga yanaondolewa, mikeka inakunjwa, watu wanarudi kazini. Wao wamelirudia tanga hili kila mwaka kwa zaidi ya miaka 1,900, kwa marehemu ambaye ni jengo.

Ukichimba kidogo utaona kwamba tarehe yenyewe ina mvutano. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema jemadari wa Babeli alifika siku ya saba ya mwezi wa tano, yaani Av, akaichoma nyumba ya Mungu. Yeremia anasema siku ya kumi. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, inawapatanisha: waliingia siku ya saba, wakala na kunywa na kuchafua humo ndani, na siku ya tisa jua likielekea kuzama wakatia moto, ukawaka kutwa nzima ya kumi. Rabi Yohanan alisema angekuwa katika kizazi kile angeiweka saumu siku ya kumi, maana ndipo sehemu kubwa ilipoungua. Wengine wakashika mwanzo wa balaa. Napenda jinsi ubishi huu ulivyohifadhiwa badala ya kufichwa. Kwa sababu yake wengi hadi leo hawali nyama tarehe kumi mpaka adhuhuri, ingawa saumu imekwisha.

Marabi wakaivuta siku nyuma zaidi, hadi jangwani. Musa alituma wapelelezi kumi na wawili, kumi kati yao wakarudi na habari za kutisha, watu wakalia usiku kucha kwamba nchi haiingiliki. Usiku ule, wanasema, ulikuwa wa tarehe tisa ya Av, na Mungu akawaambia: mmelia bila sababu, basi nitauwekea usiku huu kilio cha vizazi. Wakaongeza Betari, ngome ya mwisho ya uasi wa Bar Kokhba dhidi ya Warumi, iliyoanguka mwaka 135, na kulimwa kwa plau kwa mji wa Yerusalemu. Mapokeo ya baadaye yakaingiza kufukuzwa Uingereza mwaka 1290, kufukuzwa Hispania mwaka 1492, na tarehe 1 Agosti 1914, Ujerumani ilipotangaza vita dhidi ya Urusi. Vita hiyo sisi tunaikumbuka kwa wapagazi wa Kariakoo.

Mwenye kupenda hesabu atasema bahati mbaya haiwezi kupanga foleni hivyo, na katika baadhi ya tarehe atakuwa na haki. Lakini tazama mwaka 1096. Wapiganaji wa msalaba waliwachinja Wayahudi wa Speyer, Worms na Mainz katika majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, miezi miwili au mitatu kabla ya Av. Shairi la maombolezo lililotungwa kwa ajili yao, ambalo bado husomwa, linasema wazi kwamba haifai kuongeza siku nyingine ya msiba, basi kilio chao na kiletwe siku hii. Hawakudai tarehe imegongana. Waliamua kuileta maiti kwenye tanga lililokwisha kutandikwa, na nadhani ni uamuzi wa watu waliojua kwamba kila mauaji yakipewa siku yake, mwaka hautabaki na siku ya kuoa.

Kuna iliyogongana yenyewe, nayo ni ya kutisha. Tarehe 22 Julai 1942, mkesha wa Tisha B'Av, Wanazi walianza kuwasomba Wayahudi waliofungiwa katika geto la Warszawa, Poland, kuwapeleka kambi ya mauaji ya Treblinka. Kesho yake, siku ya saumu yenyewe, Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi aliyetakiwa kutoa idadi ya watu kila siku, alimeza sumu.

Siku hiyo hata kujifunza Torati ni marufuku, kwa kuwa kunafurahisha moyo. Yanayoruhusiwa ni ya uchungu: Ayubu, Maombolezo, baadhi ya sura za Yeremia, na kurasa kadhaa za Talmudi zinazosimulia Yerusalemu ilivyoanguka. Bibi alinisomea kutoka kurasa hizo mchana, tukiwa hatuna jingine la kufanya, na kisa kimoja sijakiacha tangu siku ile.

Palikuwa na mtu Yerusalemu mwenye rafiki aitwaye Kamza na adui aitwaye Bar Kamza. Akafanya karamu, akamtuma mtumishi akamwite Kamza. Mtumishi akamleta Bar Kamza. Mwenye karamu akamkuta adui yake ameketi. Unatafuta nini hapa? Toka. Bar Kamza akasema: maadam nimeshakuja, niache, nitalipia ninachokula na kunywa. Hapana. Nitalipa nusu ya karamu. Hapana. Nitalipa karamu nzima. Hapana. Akamshika mkono, akamwinua, akamtoa nje.

Bibi akasimama hapo, akaniuliza kwetu mtu akija karamuni hakualikwa anafanywaje. Nikamwambia anaongezewa sahani.

"Basi nyinyi mngekuwa bado mna Hekalu," akasema.

Sikumwambia habari za harusi zetu za Dar siku hizi, kadi ya singo na kadi ya dabo, na kijana mlangoni mwenye orodha ya waliochanga.

Kisa kinaendelea. Marabi walikuwepo karamuni, wakala, wakatazama, wakanyamaza. Bar Kamza akasema moyoni: hawa wamekaa na hawakumkemea, maana yake wameridhika. Akaenda kwa Kaisari akasema Wayahudi wameasi. Ushahidi? Wapelekee sadaka uone kama wataitoa. Kaisari akatuma ndama mzuri. Njiani Bar Kamza akamtia kilema kidogo kwenye mdomo wa juu, wengine wanasema kwenye jicho, mahali ambapo kwa Wayahudi ni dosari ya kukataliwa na kwa Warumi si kitu. Marabi wakataka kumtoa hivyohivyo kwa ajili ya amani na serikali. Rabi Zekaria mwana wa Avkulas akasema: watu watadhani wanyama wenye kilema wanafaa. Wakataka kumuua mchongezi. Akasema: watu watadhani anayetia kilema sadaka anauawa. Basi wakakaa hivyo, ndama akarudishwa, majeshi yakaja. Talmudi inamaliza kwa kusema kwamba upole wa Zekaria huyu uliibomoa nyumba yetu, ukachoma Hekalu letu na kutuhamisha nchini mwetu.

Mwenye karamu hana jina katika kisa hiki chote. Kamza ana jina na hakuwepo kabisa. Hakuna alichofanya ila kuwa na jina linalofanana na la mwingine. Na wanaoshtakiwa kwa ukimya ni marabi, katika kitabu kilichoandikwa na marabi, kinachosomwa na marabi siku wanayokaa chini. Ungetarajia siku kama hii iwe ya kumlaani Tito. Yumo, Talmudi inampa mwisho mbaya wa mdudu kichwani, na kule Roma lango lake la ushindi lingali linaonyesha askari wamebeba kinara cha Hekalu mabegani. Lakini uzito haumo huko. Mahali pengine Talmudi inauliza: Hekalu la kwanza lilibomolewa kwa ibada ya sanamu, uzinzi na kumwaga damu; la pili watu wake walisoma Torati, walishika amri, walitendeana wema, kwa nini likabomolewa? Inajibu: kwa chuki isiyo na sababu.

Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyekuwepo vita vile akaviandika, anataja sababu za utawala, kodi na majeshi: liwali Florus kuchota talanta 17 kwenye hazina ya Hekalu mwaka 66, makuhani kusimamisha sadaka iliyotolewa kwa ajili ya Kaisari. Lakini naye anasimulia makundi ya ndani, ya Yohane wa Gishala, ya Simoni bar Giora na ya Eleazari, yakipigana humohumo mjini Warumi wakiwa nje, na nafaka ya kula miaka ikichomwa moto na wenyeji wenyewe. Kisa cha karamu ni hekaya, ila hakiko mbali na habari za shahidi.

Tatizo la kujilaumu nalijua. Ukimwambia aliyepigwa ajiulize alikosea wapi, umemsaidia aliyepiga. Ukiupeleka mtindo huo Treblinka unakuwa unyama, na Wayahudi wengi wamekataa katakata kuupeleka huko. Bunge la Israeli mwaka 1951 liliwatengea waliouawa na Wanazi siku nyingine kabisa, katika mwezi wa Nisani. Hata kitabu cha Maombolezo hakitulii na jibu la dhambi. Sura zake nne za kwanza zimefuata alfabeti, herufi ishirini na mbili kwa mpangilio, utadhani mtu anayejikaza asiropoke. Katikati yake mwanamke anakula watoto wake kwa njaa na mshairi anamwambia Mungu: tazama, ni nani uliyemtenda hivi. Sura ya tano inaacha mpangilio wa herufi, inanung'unika kwamba baba zetu walikosa na hawapo tena, na sisi ndio tunaobeba, na inaishia kwenye hasira ya Mungu. Desturi ni kwamba msomaji akifika hapo hukirudia kwa sauti kifungu kinachotangulia, cha kuomba kurudishwa, ili usiku usifungwe kwa neno lile.

Kwa maoni yangu siku hii inashika kwa sababu inamruhusu mtu kufanya yote mawili, kujihoji na kumhoji Mungu, ila inamnyima la tatu, kupanga kisasi. Sijui siku nyingi za kitaifa zilizo hivyo. Nyingi nilizokulia nazo, zina adui wa kumzomea.

Swali la kuendelea kulia au kuacha ni la zamani kuliko Hekalu la pili. Mwaka 518 kabla ya Kristo, Hekalu likijengwa upya, watu walimwendea nabii Zekaria wakauliza: tulie katika mwezi wa tano kama tulivyofanya miaka hii mingi? Jibu lilikuwa kali. Mlipofunga, mlinifungia mimi? Kisha akawarudisha kwenye hukumu ya haki, kwamba wasimwonee mjane, yatima, mgeni wala maskini. Akaahidi kwamba saumu ya mwezi wa tano itageuka furaha.

Baada ya vita vya 1967 Israeli iliposhika Yerusalemu yote, swali likarudi. Katika sala ya alasiri ya siku hiyo kuna maneno yanayoutaja mji kuwa ukiwa, umedharauliwa, hauna watoto wake. Rabi Shlomo Goren akayabadilisha. Rabi Haim David Halevi akaona inatosha kusema mji uliokuwa ukiwa, ili mtu asiseme uongo mbele za Mungu. Rabi Ovadia Yosef akakataa asiguse mtu neno. Na pale palipokuwa na Hekalu pana Msikiti wa Al-Aqsa na Qubba ya Mwamba, pakisimamiwa na Wakfu chini ya Jordan. Marabi wakuu wa Israeli wamekataza Wayahudi kupanda, na bado kila Tisha B'Av wapo wanaopanda, wakiwemo wanasiasa, na mji mzima unashika pumzi. Mimi sioni jinsi mtu anavyosoma kisa cha Bar Kamza asubuhi na mchana akaenda kumfukuza mwingine uani. Lakini wanaosoma Zekaria 7 wakasahau mgeni na yatima hawapo Yerusalemu tu, na hawapo dini moja tu.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni kipimo. Talmudi inasema Hekalu lilipobomolewa walitokea watu walioapa kutokula nyama wala kunywa divai, kwa kuwa vyote vilitolewa madhabahuni. Rabi Yehoshua akawaambia: basi tusile mkate, maana sadaka za unga zimekoma. Wakasema tutakula matunda. Tusile matunda, malimbuko yamekoma. Tutakula mengine. Tusinywe maji, maana sadaka ya maji imekoma. Wakanyamaza. Akawaambia: kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi haiwezekani. Mtu apige nyumba yake lipu, aache sehemu ndogo bila lipu. Mwanamke ajipambe, aache pambo moja. Hadi leo bwana harusi anavunja glasi kwa kisigino, na zipo nyumba zenye mraba mtupu ukutani, mkabala wa mlango, ambapo fundi aliambiwa aache.

Saumu yenyewe ina ngazi. Adhuhuri watu wanainuka sakafuni wanakaa vitini. Alasiri wanaume wanavaa tefilini, vijisanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani, ambazo asubuhi hawakuzivaa. Wengine wana desturi ya kufagia nyumba saa hizo, kwa mapokeo kwamba Masihi huzaliwa siku hiyo. Bibi aliniambia nichukue fagio. Tulifagia sebule ambayo nilikuwa nimeifagia jana yake.

Na siku sita baadaye ni tarehe kumi na tano ya Av. Kitabu cha Mishna, yaani sheria za marabi ambazo Talmudi imejengwa juu yake, kinachopanga sheria za saumu hizi zote, pamoja na orodha ya mabaya matano ya tarehe tisa, kinafungwa kwa siku hiyo: mabinti wa Yerusalemu walikuwa wakitoka kucheza mashambani mwa mizabibu wamevaa nguo nyeupe, na kila mmoja alilazimika kuvaa nguo ya kuazima, mwenye nazo na asiye nazo, ili asiaibike asiye nayo.